Kitufe cha Kijani

Video ya mia mbili na kumi tangu asubuhi ilimwonesha mwanamume anayetafuna mende ili apate zawadi. Mkaguzi aliitazama kwa sekunde kumi na mbili, akabonyeza kitufe cha kijani cha kibodi, ikapita. Mende si damu, si silaha, si utupu. Kwa sheria za ofisi ile, mende ni burudani.

Mkate aliofungasha nyumbani ulikuwa pembeni ya skrini, na leo tena ungerudi kama ulivyokuja.

Ukumbini walikaa wakaguzi arobaini, na hakuna skrini hata moja iliyokuwa na rangi. Ndivyo walivyofanya kazi ili wasiugue: rangi wameziondoa, sauti wameizima, picha wameitia ukungu mpaka nyuso zimekuwa madoa. Sekunde kumi na mbili, kijani au nyekundu, haya inayofuata. Aliyetazama zaidi ya hapo alijitafutia jinamizi la bure, tena alichelewesha foleni.

Yeye mwenyewe alikuwa amejitoa mitandaoni miezi miwili nyuma. Alifuta kurasa zake zote kwa mkupuo mmoja, kinyaa kimemfika kooni. Watu wazima na akili zao, kutwa kucha wanachekelea uchafu! Hata leo asubuhi fundi viatu wa pale kona alimsimamisha, simu mkononi.

"Dada, ngoja kidogo. Kuna kitu nataka uone."

"Fundi, huko nimeshatoka. Usinichafulie asubuhi yangu."

Akapita zake kichwa juu, na akajisikia msafi mpaka alipofika kazini.

Sasa ilibaki kazi yenyewe. Barua ya kuacha ilikuwa na wiki ya tatu ndani ya mkoba. Kilichomzuia ni mama. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mama mkono wa kulia na ulimi, na mshahara huu ndio uliomlipia dawa. Ndio pia uliomlipa wifi, mke wa kaka yake, aliyeacha kazi yake ya ususi ili amtunze mgonjwa. Wifi hakuwa na kasoro. Kila jioni mama alikutwa ameoshwa, amepakwa mafuta, shuka limenyooka.

"Akiona chakula anageuka," wifi alilalamika jana. "Na wewe hugusi kitu. Sasa nampikia nani humu ndani?"

"Nikiacha kazi nitamlisha mwenyewe."

"Uache kazi ukae hapa kutwa tutazamane? Acha utani, wifi yangu."

Wote wawili walicheka. Lakini usiku kucha mkaguzi aliwaza uso wa mama, namna alivyokonda, na kulipopambazuka alikuwa ameamua.

"Barua yangu iko wapi?" msimamizi alimtania akipita nyuma ya viti. "Itaota ndevu hiyo."

Mkaguzi alimshangaza kwa kuitoa mkobani na kumkabidhi. "Chukua. Nakwenda kukaa na mama yangu. Kama ni uchafu, nimeona wa kunitosha."

Msimamizi aliisoma, akaacha kutabasamu. "Haya. Nimalizie moja tu. Yule Bibi Onja wako amerudi."

Bibi Onja ulikuwa ukurasa wenye wafuasi elfu tisini. Kikongwe kaketi, kafungwa kitambaa machoni, na mkono wa mtu asiyeonekana unamlisha kwa kijiko. Mara siki, mara povu la sabuni, mara nta ya mshumaa. Mashabiki hukisia atakunja uso vipi. Mkaguzi alikuwa amepitisha video nne za ukurasa ule. Kila mara alisonya, akamlaani mwenye kijiko, akabonyeza kijani, maana sheria iliuita mzaha wa kifamilia.

"Hivi huyu bibi hana watoto?" aliuliza.

"Hii ina malalamiko zaidi ya mia," msimamizi alisema. "Kanuni unaijua. Unaitazama yote, na rangi zake, na sauti yake."

Akavaa vipokea sauti, akaondoa ukungu. Video iliitwa "Nusura Tunaswe" na ilikuwa imependwa kuliko zote. Muziki wa kitoto ulipigwa juu ya kila kitu. Picha ilikuwa ya karibu mno: ncha ya kitambaa, pua, mdomo. Akafunika nusu ya skrini kwa kiganja na kuchungulia kwa jicho moja. Kijiko kilikuja na kitu cha rangi ya buluu, kinachotoa povu. Mdomo ukafumba. Vidole viwili vikaibana pua, mdomo ukafunguka, kijiko kikaingia. Mtu akacheka kwa kuuma meno, kama anayeogopa kusikika nje.

Mkaguzi aliondoa kiganja. Dole lake lilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu, na safari hii hakujali sheria inasema nini.

Ndipo ukasikika mlio wa geti. Muziki ukakatika. Simu ikayumba, ikaegemezwa mahali juu, huku bado inarekodi. Mikono ikafanya haraka: kitambaa kikavuliwa, povu likafutwa, bakuli la uji likasogezwa karibu. Maneno yakatokea chini ya picha, yamezungukwa na vikatuni vya kucheka: "Mwenye mama huyo!"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia yeye, mkaguzi, mkoba begani, akivua viatu na kuuliza kwa upole, "Wifi, leo mama amekula?"