Namba Juu ya Picha Mbili

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekalia vilima vya Mweso, na manyunyu yaligonga bati la nyumba ya mbao ambamo watu walikuja kutafuta watoto waliopotea vitani.

Mama Drocella alifika wa kwanza, miguu imejaa tope, mkononi kipande cha fromaji, ile jibini ya Masisi, kimefungwa katika jani la mgomba. Hakikuwa cha kula mwenyewe. Kila Jumanne alimletea Plamedi, binti wa miaka mitatu wa Kasoki, mwandikishaji wa watoto hao.

"Utamuharibu mutoto," alisema Kasoki. Plamedi alikuwa mgongoni mwake, akichungulia juu ya kitenge.

"Acha akule. Wewe unanitafutia wangu, mimi nisimulishe wako?"

Plamedi alipokea kipande chake, akacheka. Drocella akageuza uso. Siku walipokimbia vita Kitshanga, karibu miaka mitatu iliyopita, alimpa jirani bintiye Laetitia amvushe mto. Mtoto alikuwa na miezi saba. Hakumwona tena jirani wala mtoto.

Wakaomba kwanza, kama kawaida. Drocella aliomba kwa sauti, Mungu amfunue mwanawe popote alipo. "Amina" ya Kasoki ilichelewa kidogo.

Kisha Kasoki akachuja orodha kwenye kompyuta: wasichana, chini ya mwaka mmoja siku walipookotwa, njia ya Kitshanga. Zikabaki picha mbili, zile zile za tangu mwaka jana. Laetitia hakuwamo.

Lakini leo juu ya picha palikuwa na kitu kipya.

"Hii iko nini?" Drocella aliuliza.

"Namba tu. Papa Hubert, fundi wa kompyuta, aliiweka jana. Inahesabu wanaobaki ukichuja."

"Iko tatu."

Kasoki akageuza kioo cha kompyuta upande wake. "Kitu kipya kinakosea, mama. Rudi Jumanne ijayo."

"Dada, mimi sijue kusoma, lakini namba na kuhesabu ninajua. Kwetu, ngombe wakitoka kumi na kurudi tisa, mulango haufungwi. Muntu anarudi kutafuta, hata mvua inyeshe."

Watu kwenye benchi wakacheka. "Ni kweli!" mzee mmoja akaita. "Papa Hubert, kuja uone! Mama wa ngombe amekushinda hesabu!"

Fundi Hubert alitoka chumba cha nyuma, upara wake unang'aa, anatafuna hindi la kuchoma. Akainamia kioo. Akaacha kutafuna.

"Namba haikosei. Watoto iko watatu. Mumoja, muntu aliificha picha yake."

"Nani?"

"Ile sijue, mama. Lakini nikibonyeza hapa, itatokea."

Kasoki hakuinua macho. Midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu, kama ya mtu anayesali rozari.

"Ngoja kwanza," Drocella alisema, akishika ukingo wa meza. Aliwageukia watu wa benchi. "Munisikie wote. Kama mutoto ni wangu, ule aliyemuficha simushitaki. Amemulisha miaka hii yote. Nataka mutoto tu."

Hubert akabonyeza.

Mtoto wa miezi saba akatokea, amezungushiwa shati la kijani la kiume. Drocella alilijua shati hilo. Lilikuwa la mume wake; alikishona mwenyewe kifungo cha mwisho, kabla mume hajauawa.

"Laetitia! Njo yeye, ni yeye! Iko wapi? Muniambie, mutoto wangu iko wapi?"

Watu wa benchi wakasogea kuona picha.

Kasoki alisimama. Akapeleka mikono kifuani, akafungua fundo la kitenge, akamteremsha Plamedi mbele ya Drocella.

"Naahidi mbele ya hawa wote, mama Drocella," alisema. "Kabla hamujaenda, nitamufundisha kukuita wewe Mama."