Mishono ya Kwapani

Tangu amzike mkewe, miezi minane sasa, Evelio alitembea amejikunja kama ndoano, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Asubuhi ile bibi jirani alimburuta mpaka bustani ya mji wa Matanzas, Kuba, ambako wazee wa mtaa hufanya mazoezi, kila mmoja na mpini wake wa ufagio.

"Unatafuta nini huko chini, mzee?" bibi akamchokoza. "Umeangusha meno?"

Wazee wakaangua kicheko. Evelio akabana mikono mbavuni.

"Mipini juu ya kichwa!" mwalimu akapaza sauti. "Kifua mbele! Huzuni inampenda mtu aliyejikunja!"

"Mimi siinui," Evelio akasema.

"Bega linauma?" bibi akanong'ona.

"Shati." Akamwonyesha kwapani. Mkewe alilishona hapo wiki yake ya mwisho, mikono ikimtetemeka, kwa uzi mweusi kwenye shati jeupe, maana mweupe haukupatikana. "Nikiinua, litafumuka."

Bibi akaitazama ile mishono iliyopinda.

"Alishona ili uinue mkono, kichwa ngumu we. Angetaka uubane, angekuachia tundu."

Evelio akashika mpini kwa mikono miwili. Akaupandisha kifuani, usoni, kisha juu ya kichwa. Mgongo ukalia. Pumzi ikamwingia kifuani mpaka akashtuka. Mbele yake akaona nyuso, na juu ya nyuso akaona anga.

Akausikia uzi ukikatika. Hakushusha mikono.

Mishono ilikuwa tisa. Ilibaki mitatu.