Pigo Lisiloandikwa

Pigo lile halikuwa kwenye programu. Rispa alikuwa na hakika, kwa maana programu aliiandika mwenyewe.

Alichungulia tena laptopu. Nyuzi nane za nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, nane tu, kila moja ndani ya mabano yake. Lakini kutoka kwenye spika, iliyowekwa chini ya meza iliyobeba jeneza la baba yake, alisikia nyuzi nane na kitu cha ziada: ko, ko-ko, ko.

Katika boma lao, nje kidogo ya Oyugis, mwanamke hagusi nyatiti. Baba yake, Mzee Elkanah, mpiga nyatiti, hakujaliwa mtoto wa kiume, na alitaka asindikizwe na wimbo wake mwenyewe. Ndipo, baba angali hai, Rispa akajifunza Lisp, lugha ya kompyuta iliyojaa mabano, ili mashine ipige asichoruhusiwa kupiga yeye. Baba mdogo Omanga alikubali shingo upande.

"Ikikosea mara moja tu, nazima," alisema. "Sitaki ndugu yangu achekwe."

Muda nao haukuwepo. Mzee alikata roho alfajiri hiyo hiyo, siku ya Ijumaa. Alikuwa ameapa hatalazwa mochari, na Wasabato kama wao hawaziki siku ya Sabato, inayoanza Ijumaa jua likizama. Ilibidi awe chini kabla jua halijazama. Fundi alishapigilia misumari. Kabla ya hapo Rispa aliwahi jambo moja tu: kumvisha baba kwenye kidole gumba cha mguu ile pete ya chuma aliyozoea kugongea ubao wa nyatiti akipiga.

"Labda kuna kipande cha programu kinachojirudia chenyewe," alinong'ona Abdishakur, mwenye duka la kompyuta mjini, aliyemfundisha. "Hebu cheki hayo mabano ya mwisho, dada."

Kweli, bano moja lilikuwa limefungwa mapema. Alilirekebisha. Wimbo ukanyooka, ila pigo likabaki palepale. Akapunguza kasi ya nyuzi; pigo halikufuata, likashika njia yake kama punda mkaidi.

"Hii si ya kwetu," Abdishakur alisema, akiondoa mkono kwenye kibodi.

Rispa alikuwa ameuacha mguu wa baba nje ya programu makusudi, kwa heshima. Nani angethubutu kuuiga? Na sasa kilichoonekana kuwa kosa lake la mwanafunzi kilikuwa kinamwaibisha marehemu mbele ya watu wake.

Shingo zilianza kugeuka. Omanga aliinuka kwenye kiti, akaja moja kwa moja kwake. Rispa akajua yamekwisha.

Lakini baba mdogo alikuwa analia.

"Nyathina, mwanangu, umeweza," alisema. "Hata mguu wake umeweka! Sikia hiyo. Huyo ni ndugu yangu kabisa."

Waombolezaji walishaanza kupiga makofi, wakifuatisha lile pigo. Rispa aliona haya kupokea sifa isiyo yake, lakini angesema nini? Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye kibodi.

Jua lilikuwa limeshuka. Wabebaji wakasogea, wakainama, kila mmoja akashika kishikio chake cha jeneza.

"Sasa zima, mama," Omanga alisema kwa upole. "Tumpeleke."

Rispa alibonyeza. Nyuzi zote nane zikanyamaza.

Ndani ya jeneza, chuma kiliendelea kugonga ubao, sasa mbio mbio.