Jani la Mlangoni

Siku hizo milango ilifunguliwa na mimea. Ukigusa jani, chumvi na poliamini, kemikali za jasho lako, ziliamsha vimeng'enya vya jani vya kutengeneza RNA, ujumbe wa chembe zake. Kwa mwenyeji, ambaye jasho lake lilishazoeleka, jani liligeuka jekundu na kitasa kikaachia.

Mbwarali aliporudi safari alikuta jani lao likigeuka jekundu mkononi mwa jirani, Kheri. Akamgeukia mkewe kwa wivu.

"Limemjuaje?"

"Si ndiye aliyelimwagilia, Baba Nasri?" Zumra alicheka. "Utaonea wivu hata mboga!"

Mbwarali akaumwagia mmea maji ya chumvi, ili usahau jasho la Kheri. Chumvi ikazidi, vimeng'enya vikazimika.

Jioni yeye na Zumra wakarudi kutoka sokoni. Jani halikumjua Mbwarali, wala Zumra.

"Tutalala wapi?" aliuliza mume.

Zumra alivuka uchochoro. Akagusa jani la mlango wa Kheri. Likawa jekundu papo hapo.