Pumzi za Tunu

Kuta za studio zilifunikwa trei za mayai, na Tunu alipovaa hedifoni, kelele za mji zikazimika. Huu ulikuwa wimbo wake wa nne. Watu walimjua kwa tamthilia ya televisheni, alimoigiza bibi harusi anayecheka hovyo, na nyimbo zake tatu za mwanzo zote zilianza na kicheko hicho hicho.

"Anza na kicheko, mwanangu," alisema Msellem, fundi wa sauti, kutoka nyuma ya kioo.

Tunu alicheka mara sita. Mara ya saba kicheko kiligoma, na katika ukimya ule akasikia mtu akivuta pumzi masikioni mwake.

"Nani huyo, mjomba?"

"Ni wewe. Kabla ya kila mstari unavuta pumzi. Huwa nazikata, wimbo usichafuke."

"Unazitupa?"

Msellem alijikuna kidevu. "Moyo ulikataa. Zote ninazo."

Akazifungulia. Pumzi za nyimbo tatu zikapita moja baada ya nyingine, bila neno, bila ngoma: Tunu wa miaka kumi na sita, kisha wa kumi na saba, kisha yule wa mwaka jana, kila mmoja akijiandaa kusema jambo. Tunu alifumba macho akawasikiliza kama mtu anayesikia ndugu zake chumba cha pili.

"Haya, turudi kwenye kicheko?"

"Wewe rekodi tu, mjomba. Na pumzi usizikate."

Taa nyekundu ikawaka. Tunu akavuta pumzi ndefu, na kwenye skrini mstari mwembamba wa sauti ukaanza kupanda.