Shoo ya Gari la Bosi

Weusi ulianzia kwenye kona ya shoo, ule wavu unaong'aa mbele ya gari la bosi, ukazidi kutambaa kila Tunu aliposugua.

Kwanza alidhani ni uchafu unatoka. Akachovya kumbi la nazi kwenye majivu na ndimu, dawa ileile inayong'arisha sufuria zake mpaka nusu ya Temeke inaziazima kwa shughuli, akakaza mkono.

Madoa ya chumvi ya bahari ya Kigamboni yakatoka. Mng'aro nao ukatoka. Chini yake hapakuwa na chuma. Ilikuwa plastiki, nyeusi tii. Rangi ya fedha ilimganda kidoleni kama gamba la samaki.

Mumewe ndiye dereva wa gari hilo, na bosi alishamwonya: mkwaruzo mmoja tena, arudishe ufunguo. Tunu alitaka tu mumewe akitoka msikitini alikute limetakata.

Kanzu ikachomoza kichochoroni.

"Tunu! Bosi kapiga simu, anataka gari sasa hivi!"

"Usije huku kwanza! Nalimalizia!"

Akachovya kumbi tena, akahamia upande wa pili, akasugua kwa nguvu zake zote, ili angalau pande mbili zifanane.