Namba ya Mlangoni

Siku hizi kila msanifu wa tovuti hupimwa kwa dakika ambazo watu hukaa kwenye kurasa zake, na namba yake huwaka mlangoni kwake. Namba ya Nakijwa ilikuwa ndogo kuliko zote mtaani, hata wanawe wakaacha kualika wenzao nyumbani.

Asubuhi moja mama mkwe wake, asiyeona vizuri, alifungua mwenyewe tovuti ya zahanati aliyoisanifu Nakijwa.

“Nimeshapata miadi ya macho, mwanangu,” alisema. “Hata chai haijapoa, na sikumwomba mtu anisaidie.”

Mlangoni namba ilishuka tena, ikawa nyekundu, rangi ya wanaokaribia kufutiwa leseni. Nakijwa aliitazama kifua mbele, akarudi mezani kuifanya tovuti ile iwe nyepesi zaidi.